Ushauri: mtoto wa miaka 6 nitajuaje amechoka kiasi gani akikimbia?

BabaKelvin: Wakuu, habari za jioni. Nina kijana wa darasa la kwanza, asubuhi tunakimbia wote huku Kihonda. Nimemfundisha kipimo cha Borg, 6 mpaka 20: 6 umepumzika, 20 pumzi imekata. Kila nikimuuliza anajibu "ishirini!" huku anacheka. Jana kasimama anahema, jasho linamchuruzika, eti "sita". Nifanyeje aseme ukweli?

Mwl_Viungo: Hakudanganyi, mkuu. Borg, yule Mswidi, alikipanga kwa watu wazima: zidisha namba kwa 10 upate takriban mapigo ya moyo kwa dakika. Mtoto wa umri huo anataja namba anayoipenda. Ndiyo maana kuna OMNI ya watoto, 0 mpaka 10, ina picha za mtoto anapanda mlima na baiskeli. Anaweka kidole tu. Ila kwanza aonje ncha zote mbili: alale chali, "hii ndiyo 0", halafu atimue mbio mpaka kwenye mti, "hii inakaribia 10". Na msemeshe mkiwa njiani; akishindwa kumaliza sentensi, punguzeni mwendo.

Mama Kulwa: Sisi tulikimbia shule na kidumu cha maji kichwani, nani alitupima? Mwalimu alikuwa getini na fimbo.

Tumbili_Mzee: Wangu ukimtuma dukani ni 20. Washa katuni, 6.

Mwl_Viungo: BabaKelvin, kwani unapima kwa nini? Ana shida yoyote?

BabaKelvin: Usiku kifua kinalia kama filimbi, kidogo tu. Vumbi hilo. Nimeshamwandikisha mbio za kilomita 5 mwezi ujao, na mwenyewe anazipenda.

Nesi_Moro: Hilo ndilo ungeanza nalo! Inaweza kuwa pumu. Namba wala picha haitakwambia. Apimwe kifua kabla hajakimbia tena.

Mpima_Chai: Chai hii. Juzijuzi si ulifungua uzi unatafuta mchumba, ukaandika huna mtoto?

BabaKelvin: Ni wa dada yangu, nakaa naye. Nadanganya ili nipate nini?

Tumbili_Mzee: Mchumba alipatikana lakini?

Mama Kulwa: Acheni utani. Baba, mama yake anajua habari ya kifua?

BabaKelvin: Atajua. Ada nimelipa, jezi ipo. Turudi kwenye mada: hizo picha naweza kuchora mwenyewe?

Mwl_Viungo: Mpigie dada yako kwanza. Picha nitakuelekeza mkitoka hospitali.