Karatasi ya chanjo iko kwenye friji: mzazi aachiwe aamue?

Shangazi wa Umoja
Binti ya kaka yangu ametimiza miaka 10. Jumatatu alitoka shule na karatasi ya mzazi kutia sahihi, chanjo ya HPV, ile iliyoanza kutolewa nchini Kenya Oktoba 2019 kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Wifi alikuwa na kalamu mkononi. Usiku huo grupu la kina mama wa kanisa likamletea sauti ya dakika nne. Mwanamke anaongea taratibu, jogoo anawika nyuma yake, anasema sindano hiyo huwafunga wasichana kizazi. Jina hakutaja, wala alikokuwa. Juu yake imeandikwa tu kwamba imesambazwa mara nyingi. Asubuhi karatasi ikabandikwa kwenye friji bila sahihi.
Nauliza: jambo kama hili mzazi aachiwe, au serikali ichanje tu? Mimi nasema ichanje. Siku hizi hata mama mboga anakuandikia dawa za TikTok.

Mama Terry Kayole
Ulianza vizuri, ukamalizia na sisi. Mama mboga amekukosea nini? Mteja akija kutaka bitiruti za kuongeza damu kwa sababu simu imemwambia, nimfukuze? Mimi nauza bitiruti. Sijawahi kuvaa koti jeupe.

Kijana wa Pipeline
😂😂 Shangazi amekanyaga nyaya.

Muuguzi Mstaafu
Turudi kwa mtoto. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV, vinavyoenezwa kwa ngono, na chanjo hufaa zaidi ikitangulia virusi. Ndiyo maana ya miaka 10, si kwamba mtu anamshuku mtoto. Na wanaoogopa kufungwa kizazi niwaambie nilichokiona wodini: ni saratani yenyewe ndiyo huondoa kizazi. Wanawake huletwa wamechelewa, hapo ni kukatwa au kuchomwa mionzi. Sijawahi kuona msichana aliyepoteza kizazi kwa sindano ya HPV.

Njoroge Mkweli
Muuguzi, msijifanye hofu imeanzia TikTok. 2014, chanjo ya pepopunda kwa wanawake, maaskofu Wakatoliki walisema ina homoni ya kuzuia mimba. Wizara ikakana, WHO wakakana. Mama yangu hakusoma ripoti hata moja, alisikia kanisani, na mpaka leo haamini sindano. Mtu akishasikia kitu madhabahuni, mtamtoa vipi kwa bango la kliniki?

Wakili Bila Kesi
Na yule mwenyekiti wa chama cha madaktari Wakatoliki aliyepinga chanjo ya korona, akawaambia watu wajifukize? Alikufa kwa korona, Aprili 2021. Mvuke haukumwokoa.

Njoroge Mkweli
Marehemu hachekwi, Wakili. Na ukitaja kanisa litaje lote: maaskofu wenyewe walisema chanjo ya korona ni halali, wakajitenga naye.

Wakili Bila Kesi
Sijacheka. Nimetaja tarehe.

Njoroge Mkweli
Umetaja kwa raha.

Kijana wa Pipeline
Hapa nani hakujifukiza 2020? Nyumba nzima ilinuka mwarobaini na vitunguu. Tusidanganyane.

Mzee wa Pumwani
Vijana, 2011 hamkuwa na TikTok. Loliondo mnaikumbuka? Babu na kikombe chake, shilingi 500 za Tanzania, dawa ya mti wa mugariga, inatibu sukari, saratani, ukimwi. Magari yalipanga foleni kilomita na kilomita. Kutoka hapa Nairobi watu walikodi gari, na si maskini tu, mabosi pia. Jirani yangu alikunywa kikombe akatupa vidonge vya ukimwi. Hakumaliza mwaka uliofuata. Aliyemshawishi hakuwa simu, alikuwa shemeji yake aliyerudi akisema anajisikia mwepesi.

Kijana wa Pipeline
Mzee, na wewe ulikunywa?

Mzee wa Pumwani
Sikupata nafasi kwenye gari.

Shangazi wa Umoja
Haya yote yanathibitisha nililosema. Watu hawajui kuchagua. Samahani Mama Terry, lakini ukweli ni ukweli, na hizo sukuma wiki zilizomwagiliwa maji ya mtaro mnazotuuzia pia ni afya yetu.

Mama Terry Kayole
EEH! Sukuma zangu zinatoka Limuru, kabichi Kinangop, njoo saa kumi alfajiri tupande gari pamoja uone. Na nikuambie la kuchagua. Februari nilikaa benchi ya hospitali moja tangu saa kumi na mbili asubuhi. Saa saba nikaingia. Daktari hakuinua macho, aliandika, akaniambia "dirisha la dawa". Nikatoka sijui naumwa nini. Nyumbani ikabidi niulize mtoto anisomee karatasi, naye akaiuliza simu. Huyo mama wa sauti angalau alikaa dakika nne.

Muuguzi Mstaafu
Hilo linaniuma kwa sababu najua ni kweli. Zamu yangu ya mwisho tulikuwa wawili kwa wagonjwa zaidi ya 60.

Wakili Bila Kesi
Kwa hiyo daktari akikosa adabu, uongo unakuwa dawa?

Mama Terry Kayole
Nimesema hivyo wapi? Soma tena polepole.

Kariokor Finest
Tukirudi kwa maji ya mtaro, ni kweli au si kweli? Mimi nilishaacha kula sukuma za barabarani.

Kijana wa Pipeline
Ni kweli kwa zingine. Ukipita karibu na mto unaziona.

Kariokor Finest
Na managu?

Muuguzi Mstaafu
Jamani. Shangazi, mama yake mtoto anakaa wapi? Asiyeamini karatasi huamini mtu. Nikipata nafasi Jumapili nitaongea naye, bila kumgombeza.

Shangazi wa Umoja
Umoja Two, karibu na stendi. Lakini anasema ataamini mama aliyemchanjisha binti yake, si muuguzi.

Mama Terry Kayole
Umoja Two ni hapo tu. Mwambie apitie kibanda changu jioni. Terry wangu ana miaka 12, alichanjwa mwaka juzi. Atamkuta pale akihesabu chenji. Bitiruti nitamuuzia shilingi ishirini.

Kijana wa Pipeline
Ishirini moja, ama fungu?

Mama Terry Kayole
Moja. Wewe ni TikTok umeuliza bei?