Mtungi wa gesi wa kilo 13 haufiki wiki mbili, na alfajiri jiko lanuka. Nifanyeje?

MamaMahamri (Langoni, Lamu)
Assalaam aleikum jamaani. Mimi hukaanga mahamri na viazi karai, nauza barazani. Niliacha makaa nikanunua mtungi wa kilo 13. Ulikuwa ukinifikisha wiki tatu, sasa siku kumi na moja umekwisha, na unga ni ule ule. Tena juzi nimeamka saa kumi kukanda, kufungua mlango wa jiko nikapigwa na harufu. Nikawasha taa nione. Jiko langu lashuka ngazi mbili, dirisha moja dogo huko juu. Muuzaji asema ni pua zangu tu. Nishike lipi?

NahodhaMstaafu
Dada, alhamdulillahi uko hai. Ukisikia harufu usiguse swichi, si kuwasha si kuzima. Funga mtungi, fungua mlango na dirisha, toka. Na pua zako ni nzima: gesi yenyewe haina harufu, ule uvundo hutiwa makusudi ili uamke.

FundiMokowe
Gesi ya mtungi ni propani na butani, zote nzito kuliko hewa. Haipandi ikatokea dirishani kama moshi wa makaa. Hushuka, ikajaa chini kama maji ndani ya dau bovu, na jiko lako ndilo hilo dau. Mtungi utoe uani, usimame wima, kivulini, mbali na tundu la maji machafu. Mpira upitishe ukutani. Kisha paka povu la sabuni shingoni, kwenye regulata (kile kichwa kinachounga mtungi na mpira) na mpira wote. Panapofura mapovu ndipo panapovuja. Kiberiti usikitumie kutafutia, nimeshaona watu! Na mpira uliopasuka haufungwi kwa tepu.

Kijana_Shela
Mimi ukikaribia kwisha huulaza ubavu, napata siku mbili zaidi.

FundiMokowe
Ndugu yangu, usimfundishe mtu hilo. Mle ndani gesi imeshindiliwa ikawa maji. Ukiulaza hutoka maji badala ya mvuke, na lita moja yake hutanuka ikawa kama lita 270 za gesi. Moto huo si wa mahamri.

BiMkubwa wa Mkomani
Mwanangu, kuvuja ni kimoja, na kupunjwa je? Kwenye mtungi pamegongwa uzito wake ukiwa mtupu. Ujumlishe na 13, kisha uupeleke kwa wauza samaki ukapimwe kabla hujautumia. Wangu ulipungua kilo mbili na nusu. Muuzaji alininunia mwezi mzima, lakini alinibadilishia.

MamaMahamri
Nimerudi. Povu limefura pale regulata inapokalia: kile kiduara cheusi cha mpira kimekatika, ufa mwembamba kama ukucha. Fundi amekibadilisha, na mtungi uko uani, ijapokuwa paka wa jirani wameufanya kiti.

Leo nimeletewa mpya, nikaupakia mkokoteni hadi sokoni. Umegongwa 13.6, mizani ikasoma 24.9. Wauza samaki wenyewe wakacheka. Kesho baada ya kuuza naupeleka dukani, na mwenye mizani amesema twende sote.

BiMkubwa wa Mkomani
Mchukulie na mahamri mawili huyo mwenye mizani.