Vipindi vya podikasti kwa ajili ya Siku ya Shukrani: sisi wa Mwanza tuzungumzie nini?

Mtangazaji_Nyegezi aliandika:

Habari za leo, ndugu zangu. Mimi na mwenzangu tunaendesha podikasti ndogo ya mazungumzo tunayoirekodi nyumbani, Nyegezi, na kila Alhamisi tunatoa kipindi cha takribani nusu saa. Sehemu kubwa ya wasikilizaji wetu ni Watanzania wanaoishi Marekani, na baadhi yao wametuomba tuandae mfululizo wa Novemba unaoendana na Siku ya Shukrani, ambayo huko huadhimishwa Alhamisi ya nne ya mwezi huo. Ombi tumelipokea kwa moyo mweupe, lakini kila tukikaa kupanga tunaishia kwenye bata mzinga wa kuokwa, chakula cha siku hiyo huko, ambaye msikilizaji wetu wa Sengerema hana habari naye, au kwenye swali la "unashukuru kwa lipi mwaka huu?", ambalo wageni hulijibu kwa sentensi moja kisha wakanyamaza. Tunaomba mawazo ya vipindi ambavyo mtu wa Minneapolis na mtu wa Mwaloni, soko letu la samaki hapa Mwanza, watavisikiliza hadi mwisho. Tuna vipaza sauti viwili vya kubana kwenye nguo pamoja na simu, kwa hiyo kutoka nje ya nyumba si tatizo.

Mwalimu_Igoma alijibu:

Kijana wangu, kabla hamjaikimbia historia ya sikukuu hiyo, itazameni vizuri, kwa kuwa ndani yake yamo mambo ambayo mtu wa Kanda ya Ziwa atayaelewa upesi. Waingereza waliofika Plymouth, huko Amerika, kwa meli ya Mayflower mwishoni mwa mwaka 1620 walikuwa abiria 102, na karibu nusu yao walifariki katika majira ya baridi ya kwanza. Waliobaki walisaidiwa na wenyeji, Wawampanoag. Mmoja wa wenyeji hao, Tisquantum, alikuwa ametekwa mwaka 1614 na kupelekwa Ulaya, na aliporejea alikuta kijiji chake kimeteketea kwa maradhi. Ndiye aliyewaonyesha wageni namna ya kupanda mahindi kwa kufukia samaki shimoni pamoja na mbegu ili wawe mbolea. Mpelekeeni mkulima wa Misungwi habari hiyo, mumwulize angefukia dagaa kiasi gani kwenye shimo moja, na mbwa wa jirani angewafanya nini usiku. Hapo kipindi kimeshaanza, na hakuna aliyetaja bata mzinga.

Karamu yenyewe ilifanyika mwaka 1621 baada ya mavuno, ikachukua siku tatu. Massasoit, kiongozi wa Wawampanoag, alifika na watu wapatao 90, wakaleta kulungu watano, maana yake ni kwamba wageni walikuwa wengi kuliko wenye karamu. Edward Winslow, aliyesimulia siku hizo katika barua, anataja ndege waliowindwa bila kumtaja bata mzinga. Sikukuu ya taifa ilikuja baadaye sana: Rais Lincoln aliitangaza mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, baada ya mhariri wa jarida, Sarah Josepha Hale, kuipigania kwa miaka mingi, na mwaka 1941 Bunge lao likaiweka kisheria kwenye Alhamisi ya nne.

Nawaomba msiuache upande wa pili. Tangu mwaka 1970 kuna wazawa wa Amerika wanaokusanyika Plymouth siku hiyohiyo kwa ajili ya maombolezo, kwa sababu vizazi vya walioshiba katika karamu ile vilikuja kuwanyang'anya ardhi. Kumhoji aliyepokea bila kumwuliza aliyetoa alibakiwa na nini ni kufanya nusu ya kazi.

Ngosha_wa_Kisesa alijibu:

Mwalimu amesema vema, ila kalenda zetu hazilingani. Novemba kwetu Usukumani ni mwezi wa kupanda. Mvua ndiyo kwanza zinashika, na ghala linaelekea kwisha. Mavuno huanza Mei na kuendelea, ndiyo maana Bulabo, sherehe yetu ya ngoma pale Bujora, ambako makundi mawili ya wachezaji, Wagika na Wagalu, hushindana, huchezwa Juni. Ukimwendea mkulima Novemba ukamwuliza anashukuru kwa mavuno gani, atajua hujawahi kushika jembe. Mwulize badala yake mbegu anayoipanda ameipata kwa nani, atairudisha kwa kipimo gani, na ni jirani yupi aliyewahi kumnyima.

Kipindi kingine kiwe cha chakula cha miezi hiyo ya kubana matumizi. Sisi tuna michembe na matobolwa: ya kwanza ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, ya pili vilichemshwa kwanza. Ndugu zetu wa Marekani nao hawakosi viazi vitamu mezani siku hiyo, tena wengine huvimwagia sukari juu, jambo ambalo bibi yangu angeliita ufujaji. Wekeni watu wawili, mmoja huku na mmoja huko, kila mmoja aeleze vya kwake vinavyopikwa mwanzo hadi mwisho. Na kama mnaye mtu wa upande wa Bukoba, Novemba ni msimu wake wa senene. Huyo hamtahitaji kumwuliza maswali mengi.

Mama_Dagaa_Kirumba alijibu:

Wanangu, shida yenu iko kwenye swali. Mkimwuliza mtu wa hapa anashukuru kwa lipi, atasema anamshukuru Mungu kwa uzima, na atakuwa amemaliza, kwa sababu hilo ndilo jibu la heshima na hakuna la kuongeza. Mwulizeni nani alimpa mali kauli ya kwanza.

Kwa wasiojua biashara yetu, nitaeleza. Unafika Mwaloni huna mtaji, unasimama kando ya mizigo, na mtu ambaye si ndugu yako anakukabidhi gunia la dagaa kwa maneno matupu: nenda ukauze, ukirudi unanipa changu. Hakuna karatasi wala shahidi. Anachokitazama ni uso wako, na pengine amekuona siku kadhaa ukiokota dagaa waliomwagika chini ya mizani na kuwarudisha kwenye gunia badala ya kuwatia kwenye khanga yako. Wanawake wengi wanaopeleka mizigo mikubwa leo, hata ile inayovuka mpaka kwenda Kongo, walianzia kwenye gunia la namna hiyo, na wengi hawajawahi kukaa chini na yule aliyewapa wakamwambia lilifanya nini katika maisha yao.

Kwa hiyo watafuteni wote wawili, aliyepewa na aliyetoa, muwaweke meza moja na kila mmoja awe na kipaza sauti chake. Aliyepewa aeleze alikuwa na nini mfukoni siku ile, alilipa lini na alichelewa kwa nini. Kisha mgeukieni aliyetoa mumwulize alikuwa anaogopa nini, na ni wangapi waliowahi kutoroka na mali yake. Hapo ndipo mtakapopata kile alichosema Mwalimu kuhusu upande wa pili. Wakianza kubishana juu ya bei ya gunia la mwaka ule, msiwakatishe, wala msiyaondoe wakati wa kuhariri.

Kuna tahadhari moja. Wengine walikopa bila mume kujua, na wengine aliyewakopesha alikuwa mwanaume ambaye mtaa ulimsema vibaya. Msikilizisheni kila mgeni kipindi chake kabla hakijatoka, na akisema sehemu fulani iondolewe, iondoeni bila kumhoji sababu.

Kaka_Minnesota alijibu:

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mama. Mimi ni mmoja wa hao walioomba mfululizo huu, kwa hiyo niseme namna tunavyosikiliza. Wengi wetu hatuna bata mzinga. Tunakusanyika kwa sababu ni siku ya mapumziko, tunapika pilau, ugali na sato wa kugandishwa, na watoto wanatuuliza kwa nini chakula chetu hakifanani na cha wenzao shuleni. Jumatano ndiyo siku tunayosafiri, wengine kwa saa nyingi ndani ya gari, kwa hiyo kipindi kikitoka Alhamisi yenyewe mtakuwa mmechelewa. Mwezi huo tunapishana nanyi saa tisa: kitu kikitoka Mwanza saa 12 jioni, hapa ni saa 3 asubuhi. Kitoeni Jumanne.

Pia fungueni namba ya WhatsApp ya kupokea ujumbe wa sauti. Kila mmoja wetu ana mtu aliyemlipia nauli au ada na hajamshukuru kwa maneno. Pokeeni ujumbe wa dakika mbili, kisha mtafuteni mtajwa hapo Mwanza, mumchezee na mumrekodi anavyojibu.

Binti_Nansio alijibu:

Ongezeni mnada wa sadaka. Makanisa yetu mengi yana Jumapili ya mavuno, na baada ya ibada jogoo mmoja anaweza kununuliwa kwa bei ambayo hakuna sokoni, kisha mnunuzi akamrudisha anadiwe tena. Ombeni ruhusa mapema, wekeni kipaza sauti karibu na mnadishaji, na msizungumze juu yake.

Kuna atakayewashauri kuhusu walionusurika kwenye MV Nyerere, kivuko kilichozama Septemba 20, 2018, kwa kuwa wavuvi wa Ukara walitangulia kuokoa watu kwa mitumbwi yao. Wavuvi hao wanastahili kipindi, tena kirefu, lakini mimi nisingekiweka katikati ya habari za karamu. Subirini Septemba, na mzungumze kwanza na familia zilizopoteza watu.

Mtangazaji_Nyegezi aliandika tena:

Ahsanteni sana. Tumekubaliana kwamba kila kipindi kiwe na aliyepewa na aliyetoa, na kile cha samaki shimoni tutakirekodi Misungwi. Cha MV Nyerere tumekiandika kwenye ratiba ya Septemba. Mama, je, tukija Mwaloni kutafuta wageni wa mali kauli, siku gani watu hawana haraka?

Mama_Dagaa_Kirumba alijibu:

Njooni wakati wa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanakaa nchi kavu, mizigo inapungua na watu wanapata nafasi ya kuzungumza. Fikeni asubuhi, maana mchana upepo wa ziwani utawaharibia sauti, na leteni sponji za kufunika hivyo vipaza sauti vyenu. Msivae nguo nyeupe.