Je, hasira ya mtu hurithiwa?

Bibi wa Uyole: Ndugu zangu, nina wajukuu mapacha wa kufanana; mmoja namlea mimi hapa Uyole, mwingine yuko kwa shangazi yake Makambako, na wote wawili wana hasira za haraka kama za marehemu babu yao, ambaye hawakuwahi kumwona. Je, ni damu au ni malezi?

Mwalimu, Tukuyu: Shikamoo bibi. Kuanzia 1979, Thomas Bouchard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwapima mapacha waliotenganishwa utotoni, wakakuta kwamba wale wa kufanana walikaribiana sana kihaiba, na hata kimtazamo, ingawa walilelewa nyumba mbalimbali. Mwaka 2015 watafiti walijumlisha tafiti 2,748 za mapacha, wakapata kwamba kwa wastani asilimia 49 ya tofauti baina ya watu huhusishwa na jeni. Tuzingatie neno «tofauti»: takwimu hiyo inahusu kundi zima, wala haisemi kwamba nusu ya hasira ya mjukuu wako ilitoka kwa babu.

Mkulima, Njombe: Naongeza kwamba hakuna jeni moja ya hasira, ni nyingi mno, kila moja ikichangia kidogo, kama ambavyo mbegu ileile ya viazi huzaa tofauti shamba hadi shamba.

Bibi wa Uyole: Marahaba mwalimu, asanteni. Huyu wa Makambako ameshaitwa shuleni «mkorofi wa kuzaliwa», nami Jumatatu nitakwenda kuzungumza nao.