Tupeane uzoefu: mnaotengeneza pombe nyumbani na mliowahi kuunda mtambo wa kukeneka (kuchemsha kimiminika na kuupoza mvuke wake uwe kimiminika tena), kosa gani lilikufunza?

Ndoo Ishirini (mleta mada):
Wadau, habari zenu. Huu ni mwaka wangu wa nne natengeneza bia nyumbani, ndoo moja ya lita 20 kila mara. Wanaoanza wengi huulizia mapishi, na mimi naona mapishi si tatizo. Kimea, maji, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na chachu, basi. Shida huanza jiko likishazimwa. Kila mmoja aseme lililomkuta, mimi natangulia.

Ndoo yangu ya tatu niliijaza kwenye chupa mapema. Siku ya tano povu lilikuwa limeshuka, mpira wa kutolea gesi umenyamaza, nikasema imeiva. Haidromita, kile kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki (maji matupu husoma 1.000, sukari ikizidi namba hupanda), sikuwa nayo. Nikaweka sukari ya kutia gesi, gramu 7 kwa lita, nikagonga vizibo, nikapanga chupa kabatini. Usiku wa siku ya tisa ikapasuka ya kwanza, halafu ya pili, halafu sikuhesabu tena. Sikulifungua kabati mpaka kesho yake mchana, nikiwa nimevaa glavu nene na miwani. Vipande vya kioo vilikuwa vimejichomeka kwenye mbao za mlango kwa ndani. Mke wangu huweka vitambaa kwenye kabati hilo. Nikilikumbuka hilo mwili unanisisimka hadi leo.

Chachu haikuwa imemaliza kazi. Chumba kilipoa, nayo ikalala na sukari ya kimea ikiwa bado imo. Mimi nikaiongezea sukari nyingine na kuifungia ndani, joto liliporudi ikaamka. Siku hizi napima mwanzo, mara nyingi nakuta 1.050. Baada ya wiki mbili napima tena, nasubiri siku tatu, napima mara ya mwisho. Namba ikigoma kusogea, tuseme 1.010, ndipo nagusa chupa. Na ukichukua ile tofauti, 0.040, ukaizidisha kwa 131, unapata kiasi cha kilevi: asilimia 5 na kidogo.

Povu Jeupe:
Pole sana mkuu. Langu ni la usafi. Nilisafisha ndoo kwa dawa ya klorini nikasuuza mara moja tu, kwa haraka. Bia ikatoka na harufu ya plasta ya kidonda, na haikuondoka hata baada ya miezi. Klorini ikikutana na vitu vilivyomo kwenye bia huzaa harufu hiyo, na ulimi huihisi hata ikiwa kidogo mno. Nilimwaga lita zote. Klorini siitumii tena.

Mdau wa Asali:
Mimi ni pombe ya asali tu, bia sijawahi. Kosa langu lilikuwa pupa. Asali ina sukari tele lakini haina chakula kingine cha kutosha cha chachu, hasa naitrojeni, kwa hiyo chachu huteseka na kutoa harufu ya mayai viza. Mwezi wa kwanza nilionja, ikanichoma koo, nikataka kumwaga. Nikaisahau nyuma ya masanduku kwa miezi minane. Nilipoifungua ilikuwa laini kabisa. Sasa natia lishe ya chachu kidogo kidogo siku za mwanzo, kisha naiacha.

Fundi Shaba:
Nashukuru kwa uzi huu. Kazi yangu ni mabomba, na mtambo niliuunda kwa kuipenda shaba yenyewe: chungu cha lita 10, shingo, koili ndani ya ndoo ya maji baridi. Ulikuwa mzuri kuutazama. Fundi mwenzangu akaja, akapitisha kidole kwenye maungio, akauliza, "Umelehemu kwa nini hapa?" Nikanyamaza. Ilikuwa lehemu ya zamani ya bati na risasi, iliyobaki kwenye sanduku la vifaa. Mvuke wa moto wenye asidi huimumunya risasi, na risasi haina ladha ya kukuonya, inajikusanya mwilini tu. Nilikata kila kitu nikaanza upya kwa bati na fedha, isiyo na risasi.

Mara ya pili niliujaribu kwa maji matupu. Mvuke ukapenya kwenye ungio la shingo, sentimita chache juu ya moto wa gesi. Spiriti huchemka kwa nyuzi 78, maji 100, na mvuke wa spiriti unawaka. Ingekuwa imo humo siku ile, nyumba ingeungua.

Halafu kuna hili la kusema ukimwaga matone ya kwanza umeshaondoa sumu. Sumu yenyewe ni methanoli, nayo huchemka kwa nyuzi 65, kweli, lakini ikiwa imechanganyika haitoki yote kwanza ikaisha. Msiweke maisha yenu hapo. Na sheria muiangalie kabla ya kununua bomba. Marekani iliruhusu bia ya nyumbani kwa sheria ya 1978, pombe kali haikuguswa. New Zealand inaruhusu kukeneka kwa matumizi yako tangu 1996. Kwingi ni marufuku bila leseni. Mimi mtambo wangu unakeneka maji na mafuta ya majani yenye harufu, na furaha ya kuuona ukifanya kazi ni ileile.

Povu Jeupe:
Nyongeza: msichachushe ndoo nyingi kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha. Gesi inayotolewa na chachu, kaboni dioksidi, ni nzito kuliko hewa, nilipoinama karibu na sakafu kichwa kikaanza kuzunguka.

Mgeni Jikoni:
Nimesoma yote, asanteni wakubwa zangu. Bia yangu ya kwanza ipo siku ya nane, nilianza 1.048, imesimama 1.020 na mapovu yamekatika. Nilitaka kufunga chupa kesho.

Ndoo Ishirini:
Usifunge! Chumba kina joto gani? Kama ni chini ya 18 na chachu yako ni ya bia ya kawaida, isogeze penye 20 hivi, tikisa ndoo taratibu bila kufungua kifuniko, uiache.

Mgeni Jikoni:
Kilikuwa 15. Nimeihamisha.

Mgeni Jikoni:
Narudi na majibu. Siku ya 14: 1.012. Siku ya 17: 1.012. Chupa nimezichemsha, nafunga leo jioni.