Mliopasuliwa kwa saratani, nguvu zilirudi vipi? Tupeane uzoefu

Baba Pacha, Umoja
Habari zenu wadau. Mwezi wa pili nilitolewa mfuko wote wa tumbo kwa sababu ya saratani. Leo ni wiki ya kumi na moja. Kidonda kimefunga, daktari ameridhika, na majirani wananiambia "sura imerudi". Lakini mwili naujua mimi. Naishi orofa ya nne, na lifti kwetu ni hadithi. Nikifika ya pili naketi kwenye ngazi kama mtu aliyekuja kudai deni. Watoto wa ploti wamenizoea, wananiruka tu wakisema "sasa Baba Pacha".

Habari za operesheni nilielezwa vizuri. Miezi inayofuata hakuna aliyeigusa, ndiyo maana nimefungua mada hii.

Kilichokuwa kinaniangusha zaidi ni chai. Nilirudi nyumbani nikaendelea na kikombe changu kikubwa, vijiko vitatu vya sukari. Robo saa haiishi, jasho linanitoka, moyo unapiga kama ngoma, lazima nilale chini. Nilidhani ni udhaifu wa kawaida, hadi mtaalamu wa lishe kliniki akaniuliza, "Sukari vijiko vingapi?" Kumbe bila tumbo la kuzuia, kitu kitamu kinaporomoka moja kwa moja hadi kwenye utumbo na kuvuta maji ya mwili kwa ghafla. Sasa nakula mara sita kwa siku, kidogo kidogo: yai, ndengu, ugali wa kujaa kiganja. Maji nayanywa nusu saa baada ya chakula. Na sindano ya B12 nitachomwa maisha yangu yote, maana bila tumbo mwili hauwezi kuipata kwenye chakula.

Uchovu wenyewe bado upo. Nimeamua kuuhesabu kama tokeni za stima. Asubuhi najiuliza nina uniti ngapi. Kuoga kunakula mbili. Mgeni anayekaa saa tatu akisimulia shangazi yake aliyekufa kwa ugonjwa huu huu, huyo anamaliza zote. Nikiona taa nyekundu nalala, hata kama ni saa tano asubuhi.

Nyinyi je?

Shosho wa Githurai
Pole mwanangu. Mimi ni titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani, mwaka wa tatu sasa.

Kosa langu lilikuwa ujasiri. Nilizaa watoto watano bila kelele, nikajiambia dawa ya maumivu nitameza nikizidiwa. Basi nazidiwa saa nane usiku, nameza, nangoja saa nzima nikiuma leso, na mkono siunyanyui kwa hofu. Mkono usiponyanyuliwa, bega linakaza. Sista mmoja akanikemea: "Mama, maumivu usiyangoje mlangoni." Nikaanza kumeza kwa saa, alivyoandika daktari, na nusu saa kabla ya mazoezi. Nilikuwa natembeza vidole ukutani, na kila jioni mjukuu wangu anachora alama ya penseli pale vilipofika. Alama ya kwanza iko usawa wa swichi. Ya mwisho iko juu ya kalenda. Mwenye nyumba alitaka kupaka rangi, nikamwambia ukuta huo auache.

Kidonda kilipopona yakaja mengine: kuungua kama pilipili kwapani, ganzi upande wa ndani wa mkono, na chuchu kuwasha, ilhali titi lenyewe halipo! Nilifikiri nimerukwa na akili. Daktari akasema ni neva zilizokatwa, akaniandikia amitriptilini kidogo ya usiku. Nikasoma karatasi ya ndani, nikaona ni dawa ya watu wenye sonona, nikaificha kabatini wiki mbili. Nisiwafiche, hizo wiki mbili ni ujinga wangu mwenyewe. Kwa dozi ndogo inatuliza neva. Nilipoianza nililala, na mtu aliyelala ana nguvu za kesho.

Na msiogope hospisi, yaani kituo cha kutuliza maumivu ya wagonjwa. Nairobi Hospice, pale upande wa Hospitali ya Kenyatta, ipo tangu 1990, na wengi wetu tunaisikia kama mahali pa kwenda kufia. Mimi nilienda kwa ajili ya maumivu, nikatoka na miguu yangu, nikapitia sokoni.

Mtu wa Route 58
Mimi ni utumbo. La kwangu ni moja: matuta. Siku ya kuruhusiwa niliketi kiti cha nyuma kabisa cha matatu. Sitasahau. Keti mbele, kumbatia mto tumboni, na kabla hamjaondoka mwambie dereva umeshonwa. Wangu alipunguza mwendo hadi makanga akaanza kulalamika. Mto huo huo ushike ukikohoa.

Kifungua Mimba, Kawangware
Naandika kwa niaba ya mamangu. Alitolewa sehemu ya utumbo mpana, akawekewa mfuko wa choo tumboni. Mfuko tuliuzoea mapema kuliko tulivyotarajia. Kilichotushinda ni kulala. Analala mchana, analala usiku, akiamka amechoka. Kliniki ya mtaani wakasema kila mara "ni kawaida ya operesheni". Wiki sita! Nikamfunua kope, ndani kweupe kama karatasi. Tulipopima damu hospitalini, hemoglobini, yaani kiwango cha damu, ilikuwa 7 tu, chini sana. Akapewa madini ya chuma kwa dripu, na baada ya wiki chache akaanza kunigombeza kuhusu vyombo. Nilifurahi kugombezwa, siwadanganyi. Jamani, uchovu si wote wa kuvumiliwa. Ombeni damu ipimwe, na tezi ya shingo pia.

Jambo lingine: maji yalipokatika alibeba mtungi wa lita ishirini nikiwa kazini. Hizo ni kilo ishirini. Alikuwa ameambiwa asizidishe kilo tano. Sasa ana henia (ngiri) kando ya mfuko, na bado anasema ulikuwa "nusu tu".

Nesi Mstaafu
Nawasoma. Naongeza machache. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au pumzi ikakatika ghafla, msiulize humu, nendeni hospitali saa hiyo hiyo, maana huenda damu imeganda. Vivyo hivyo homa, au kidonda kikianza kutoa usaha. Mofini, ile dawa kali ya maumivu, hufunga choo karibu kwa kila mtu, kwa hiyo dawa ya kulainisha inaanza siku moja nayo, usingoje siku ya tano. Na kutembea ni dawa. Anzeni mlangoni hadi kwa mama mboga, kesho mpite kidogo. Ukilala kutwa nzima, misuli inayeyuka na uchovu unaongezeka.

Baba Pacha, Umoja
Shosho, ukuta wako umenigusa. Nimechukua chaki nikaandika tarehe kwenye ngazi niliyoketi leo. Ni tatu juu ya ile ya wiki jana.

Shosho wa Githurai
Vizuri. Kesho usizifukuzie tatu nyingine. Hizo ni uniti za mkopo, umekopa Okoa Stima.

Mgeni Wadini
Naomba kuingia. Niko siku ya nne, nimekatwa tumbo kama Baba Pacha, naandika kwa kidole kimoja kwa sababu mkono mwingine una dripu. Nimesoma ya makanga nikacheka, nusura nimwite daktari. Niambieni tu: kucheka kunaacha kuuma lini?

Baba Pacha, Umoja
Kwangu wiki ya nne, ndugu. Shika mto.