Ulinganisho: upangishaji wa pamoja, seva pepe ya Ulaya au seva ya hapa nchini kwa tovuti 14 za wafanyabiashara wadogo

FundiTovuti_Mwanza (mleta mada)

Habari za kazi, wakuu. Ninaendesha ofisi ya watu wawili jijini Mwanza, inayotengeneza tovuti za wafanyabiashara wadogo na kuziweka hewani kwa malipo ya mwaka. Kwa sasa ninazo tovuti 14, zote zimejengwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti: 13 ni za kurasa chache za maelezo, yaani zahanati, nyumba za wageni, shule ya awali na kadhalika, na moja ni duka la vipuri vya pikipiki linalouza kwa WooCommerce, nyongeza ya WordPress ya kuendeshea duka. Zote ziko kwenye akaunti moja ya upangishaji wa pamoja, yaani seva moja inayogawanywa kwa wateja wengi, na huu ni mwaka wa tatu. Tangu mwezi wa pili, kila Jumatatu asubuhi, duka linapopata wateja wengi, wageni huonyeshwa kosa namba 508 linalosema kwamba kikomo cha rasilimali kimefikiwa, na tovuti nyingine hulala pamoja nalo.

Ninazo njia nne mbele yangu. Ninaweza kupanda kifurushi kwa mtoa huduma huyu huyu. Kukodi Ulaya seva pepe, yaani sehemu ya seva kubwa inayotengwa iwe yangu peke yangu, yenye RAM (kumbukumbu ya kazi) ya gigabaiti 4 na kuisimamia mwenyewe. Kukodi ya aina hiyo hiyo Dar es Salaam, ambako bei niliyopewa ni karibu mara tatu. Au kuitumia kompyuta iliyopo hapa ofisini. Bajeti yangu haizidi shilingi 80,000 kwa mwezi. Linux ninaijua kiasi cha kuingia kwenye seva kutoka mbali kwa SSH na kusoma kumbukumbu za matukio, si zaidi ya hapo. Ninaomba ushauri wa waliokwisha kupita njia hizi.

Nahodha_wa_Seva

Mkuu, njia ya nne tuiondoe mapema. Vifurushi vingi vya intaneti vya ofisi ndogo humweka mteja nyuma ya anwani ya IP anayoshirikiana na wengine, kwa hiyo mgeni wa nje hawezi kuifikia kompyuta yako mpaka ulipie anwani ya kudumu. Na ukishailipia, bado unabaki na umeme, vumbi na yule anayechomoa waya ili achaji simu.

Kosa la 508 halihusiani na ukubwa wa diski. Mtoa huduma huiwekea kila akaunti kikomo cha prosesa, RAM na idadi ya michakato inayoendeshwa kwa wakati mmoja, na ukikigusa, maombi yanayofuata hukataliwa. Ndiyo maana zahanati inalala kwa makosa ya duka la vipuri. Kabla ya kuhama, fungua kumbukumbu za Jumatatu moja uhesabu ni anwani ipi inayoitwa mara nyingi zaidi. Ukikuta ni wp-cron.php, ujue WordPress inaendesha kazi zake za ratiba kwa kutegemea wageni wanaoingia: weka DISABLE_WP_CRON kuwa true ndani ya wp-config.php, kisha uliite faili hilo kwa ratiba ya seva kila baada ya dakika 10. Ukikuta ni wc-ajax=get_refreshed_fragments, basi ni kikapu cha duka kinachojihesabu upya katika kila ukurasa, hata kwa mgeni ambaye hajaweka kitu ndani yake.

Kuhusu gigabaiti 4, hesabu yake ni hii. Mchakato mmoja wa PHP, lugha inayoendesha WordPress, unaohudumia WooCommerce yenye programu-jalizi (nyongeza) nyingi unaweza kula hadi megabaiti 100. Ukiitengea hifadhidata ya MariaDB gigabaiti 1 na mfumo endeshi nusu gigabaiti, unabaki na nafasi ya michakato 25 hivi kwa wakati mmoja, na kwa duka lako inatosha. Namba hiyo uiandike kwenye pm.max_children, mpangilio wa PHP unaoweka kikomo cha michakato. Ukiweka kubwa kuliko RAM uliyonayo na wageni wakafurika, Linux itaanza kuua michakato ili ijinusuru, na mara nyingi wa kwanza kuuawa ni mchakato wa hifadhidata, kwa kuwa ndio unaokula RAM nyingi kuliko wote.

BintiKigamboni

Hesabu za Nahodha ninazikubali, lakini amesahau gharama ya mwangalizi. Mwaka juzi niliihamishia kwenye seva pepe tovuti ya mteja anayeuza sare na vifaa vya shule. Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, saa tatu usiku tovuti ikaanza kutoa kosa la 500. Nikaandika df -h, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, na diski ikaonyesha kwamba imetumika asilimia 61 tu. Nikaiwasha upya hifadhidata, ikakataa kuwaka. Zilipita saa mbili na nusu, mteja akinipigia simu kila baada ya dakika kumi, ndipo nilipokumbuka kuandika df -i, inayoonyesha idadi ya mafaili yaliyosajiliwa, na kuiona asilimia 100. Programu-jalizi ya kache, inayohifadhi nakala za kurasa zilizokwisha kutayarishwa, ilikuwa imezalisha mafaili madogo madogo kwa mamilioni, hadi nafasi za kusajili mafaili mapya zikaisha ilhali gigabaiti zilikuwa tele. Kuyafuta tu kuliendelea hadi karibu na adhana ya alfajiri.

Kwa upangishaji wa pamoja, kazi ya kutunza mfumo endeshi, ukuta wa moto na masasisho ya PHP ni ya mtu mwingine, na bei unayolipa imemjumuisha. Kwa hiyo, kaka, mimi nisingezihamisha zote. Zile 13 zenye kurasa tano tano hazina shida yoyote hapo zilipo. Shida ni duka. Litenge duka peke yake kwenye seva pepe ndogo, hata ya gigabaiti 2, na hizo nyingine uziache. Siku seva pepe ikikushinda, umekwama na mteja mmoja, hujakwama na wote 14.

Mkarimu254

Ninaandika kutoka Nairobi. Bwana mleta mada hajataja barua pepe, na hapo ndipo wengi huumia. Katika upangishaji wa pamoja, barua pepe za wateja huja pamoja na kifurushi, nawe husahau kwamba zipo. Ukihamia seva pepe, kampuni nyingi za wingu hufunga poti namba 25, mlango wa kutumia barua pepe, kwa akaunti mpya ili kuzuia barua taka, na hata ikifunguliwa, anwani yako ya IP huenda ilikwisha kuchafuliwa na aliyeitumia kabla yako. Usiweke seva ya barua pepe humo. Ziache barua pepe kwa mtoa huduma mwingine, uandike vizuri rekodi za SPF, DKIM na DMARC zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, na duka litume risiti zake kupitia huduma maalumu ya kutuma barua.

Jambo la pili ni malipo ya simu. Ikiwa duka limeunganishwa moja kwa moja na mfumo wa malipo, majibu ya malipo hurudishwa kwenye anwani ya HTTPS (muunganisho salama) ya seva yako. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt vinavyowezesha HTTPS hudumu siku 90; kimoja kikiisha bila kuhuishwa, mteja atakuwa amekatwa pesa na duka halina habari.

MzeeWaMkongo

Naomba tuzungumzie umbali, kwa kuwa bei mara tatu si jambo dogo. Kutoka ofisini kwangu Dar es Salaam, safari moja ya kwenda na kurudi hadi seva iliyoko Ujerumani huchukua milisekunde 160 hivi. Kivinjari hufungua muunganisho kwa safari moja, husalimiana na seva kwa TLS 1.3, itifaki ya usalama ya HTTPS, kwa safari ya pili, kisha huomba ukurasa kwa safari ya tatu, maana yake karibu nusu sekunde inapita kabla PHP haijahesabiwa hata kidogo. Kwa tovuti ya maelezo, Cloudflare, huduma inayoweka nakala za kurasa karibu na mgeni, au kache nyingine ya aina hiyo huweza kuficha tatizo hilo. Ukurasa wa kikapu na wa malipo hauwekwi kwenye kache, hivyo dukani mteja huuhisi umbali kila anapobofya.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom ilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania, Kenya na nchi jirani ikazorota. Tovuti yangu moja ilikuwa kwenye seva ya Dar es Salaam, nami nikajiona mjanja, kwa sababu mawasiliano ya ndani hupitia TIX, kituo cha hapa nchini ambako kampuni za intaneti hubadilishana mawasiliano, na hayahitaji kwenda Ulaya. Hata hivyo ukurasa ulibaki mweupe. Ilikuwa ni fonti na msimbo wa kuhesabu wageni, ambavyo nilikuwa nimeviweka viitwe kutoka nje ya nchi, na kivinjari kilikuwa kikivingojea. Atakayelipa mara tatu ili akae nyumbani azilete nyumbani na fonti zake.

Isitoshe, duka linahifadhi majina, namba za simu na mahali wateja wanapoishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ina masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Jambo hilo ulizungumze na mwenye duka kabla hujasaini mkataba wa Ulaya.

FundiTovuti_Mwanza (mleta mada)

Ninawashukuru sana. Nimefungua kumbukumbu za Jumatatu iliyopita kama alivyoelekeza Nahodha: kati ya saa mbili na saa nne asubuhi kulikuwa na maombi 9,412, na 5,800 na ushei yalikuwa ya kikapu kile kile. Nimekizima kwenye kurasa zisizokihitaji. Hata hivyo duka linakua, kwa hiyo nitalitenga kwenye seva pepe ya Dar es Salaam yenye gigabaiti 2, na zile 13 zitabaki. Mtoa huduma anasema anachukua nakala rudufu kila usiku. Je, hiyo inatosha?

Nahodha_wa_Seva

Haitoshi. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la OVH mjini Strasbourg liliteketea kwa moto, na wateja ambao nakala zao zilikuwa katika eneo hilo hilo walizipoteza pamoja na tovuti. Nakala moja iache kwa mtoa huduma, nyingine itumwe kila usiku kwa kampuni tofauti katika mji tofauti, ikiwa imefungwa kwa nenosiri. Kila mwezi chukua moja uirudishe kwenye seva tupu, ufungue duka na kutazama kama oda ya jana imo.

BintiKigamboni

Kabla ya siku ya kuhama, punguza TTL (muda wa kukumbukwa) ya rekodi za DNS, zile zinazoelekeza jina la tovuti kwenye seva yake, hadi sekunde 300, na ufanye hivyo siku moja nzima kabla. Usiku wa kuhama ulifunge duka kwa tangazo la matengenezo kabla ya kunakili hifadhidata, la sivyo mteja wa saa sita usiku ataagiza mnyororo wa pikipiki kwenye seva ya zamani, na oda yake hutaiona.